Kabla ya Kiberiti, Isome Siku

Haya ni maneno niliyoyasema Jumapili iliyopita, Chanika, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wakazi wenye mashamba ya pembezoni mwa jiji. Wengi walikuwa msibani wakakosa, wameniomba niwaandikie. Nimeandika kama nilivyosema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyie vijana mliosimama kule nyuma kivulini: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Ahsanteni sana. Nianze na swali, mnijibu kwa mikono. Nani hapa ana shamba Kisarawe, Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo, hata kama ni nusu eka? Naam, karibu wote. Nani amewahi kulichoma? Mikono ile ile. Sasa nani, kabla ya kulichoma, aliiuliza siku yenyewe hali yake? Nani aliangalia upepo, akayashika majani mkononi, akasikiliza taarifa ya hali ya hewa, ndipo akaamua?

Mnaona wenyewe mikono ilivyoshuka. Miaka sita iliyopita na wangu ungeshuka, na leo nitawaeleza ulichonigharimu mkono ule.

Ilikuwa Septemba. Nilikuwa nimefyeka eka moja na nusu upande wa Kisarawe, nikayaacha majani yakauke wiki tatu, nipate kupanda vuli. Siku ya kuchoma nilifika saa nne asubuhi na kijana mmoja wa kunisaidia. Palikuwa kimya. Moshi wa kwanza ulipanda wima kama mnazi. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Moto ukala taratibu, vizuri, mpaka saa sita. Saa saba upepo wa bahari ukafika.

Ule moto uliokuwa ukitambaa ukasimama. Ukavuka kinjia nilichofyeka mpakani, upana wa hatua mbili, ukaingia kwa jirani yangu, mzee mmoja, kwenye mikorosho iliyokuwa imetoa maua. Na chini ya mkorosho kuna nini, ndugu zangu? Majani makavu ya miezi na miezi, yamelala kama godoro. Mikorosho kumi na minne iliungua kwa muda ambao ningeenda kisimani na kurudi na ndoo moja.

Mzee alikuja, akasimama, akatazama. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ulianza saa ngapi?"

Hakuniuliza kwa nini nimechoma. Yeye mwenyewe huchoma, na baba yake alichoma. Aliniuliza saa ngapi. Nimekaa na swali hilo miaka sita, nimesoma kwa ajili yake, nimewauliza watu wa misitu na wavuvi kwa ajili yake, na yote niliyokuja nayo hapa leo ni jibu lake.

Watu wa misitu wana jina la moto uliotoroka. Wanauita moto kichaa. Jina zuri, linatisha inavyostahili. Lakini mimi lina mahali linaponikwaza, kwa sababu mtu akisikia kichaa anadhani moto ulirukwa na akili ghafla, kwamba hakuna ambaye angejua. Moto haurukwi na akili. Moto unafuata joto, unafuata ukavu, unafuata upepo, unafuata mlima. Ukijua mambo hayo manne siku hiyo yakoje, unajua moto utakwenda wapi na kwa mwendo gani, na kiberiti bado kiko mfukoni.

Ziko nchi zinazoyapima mambo haya kila siku, kama sisi tunavyosubiri bei ya mafuta. Kanada, kila siku saa sita mchana, wanachukua vipimo vinne: joto la hewa, unyevu wa hewa, kasi ya upepo, na mvua iliyonyesha katika saa 24 zilizopita. Vinapigiwa hesabu, na hesabu inageuzwa kuwa ngazi ya hatari ambayo mtu yeyote anaielewa: ndogo, wastani, kubwa, kubwa sana, ya kupita kiasi. Marekani, ukikaribia msitu, unakuta kibao chenye mshale na rangi tano: kijani, buluu, njano, machungwa, nyekundu. Afrika Kusini nao wana rangi tano, ila kwao buluu ndiyo salama kabisa na kijani inafuata. Kwa hiyo aliye na ndugu ughaibuni asikariri rangi, akariri maana.

Na maana yake ni ipi? Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Ngazi haisemi kwamba leo moto utatokea. Ngazi inasema: moto ukitokea leo, utakuwa moto wa aina gani? Utazimwa na watu watatu wenye matawi mabichi? Au utaruka barabara ya lami? Ngazi ni tabia ya moto ambao bado haujazaliwa.

Ndiyo maana neno "wastani" limewaponza watu. Mtu anasikia wastani, anaelewa salama. Wastani maana yake ni kwamba moto utawaka na utatembea, na usipokuwa na maji na watu karibu, utakushinda.

Waaustralia walijifunza hili kwa msiba. Mzani wao wa zamani ulipangwa hivi: siku mbaya kuliko zote walizozikumbuka, tarehe 13 Januari 1939, ikapewa alama 100. Wakadhani 100 ndiyo dari. Ikaja tarehe 7 Februari 2009, jimbo la Victoria. Jiji la Melbourne lilifika nyuzi joto 46.4. Ile dari ya 100 ikapitwa, na watu 173 wakafa. Baadaye wakaongeza ngazi mpya ya juu kabisa, ya maangamizi. Hata hivyo majina yakawa sita, watu wakayachanganya. Mwaka 2022, mwezi Septemba, wakayapunguza yakabaki manne, na kila jina likapewa tendo lake. La kwanza: panga na jiandae. La pili: kaa tayari. La tatu: chukua hatua sasa, okoa uhai na mali. La nne: ukitaka kuishi, ondoka. Mimi nimependa hilo kuliko hesabu zote. Onyo lisilokuambia ufanye nini linabaki kuwa habari tu.

Sasa mtaniuliza, sisi huku Chanika kibao kiko wapi? Mimi barabara ya Kisarawe naipita kila wiki, kibao cha mshale na rangi sijakiona. Lakini ngazi tunayo, mama zangu, tunayo na tunaisikia kila wakati. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa taarifa, inasemaje? Angalizo. Tahadhari. Tahadhari kubwa. Hamjawahi kusikia? "Angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili, ukanda wa pwani: Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Lindi, Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia." Tunaisikia, halafu tunafanyaje? Tunasema hiyo ni ya wavuvi.

Hiyo ni ya wavuvi! Ndugu zangu, upepo uliomzuia mvuvi wa Feri asitoke baharini unapita juu ya paa lako, unakwenda shambani kwako Kisarawe. Ni upepo ule ule. Mvuvi anafunga ngalawa, wewe unawasha kiberiti. Nawaombeni, kama mtasahau yote, hili mlibebe: angalizo la mvuvi ni lako pia mwenye shamba. Siku hiyo hakuna kuchoma. Wala rundo dogo, wala mabua ya mahindi nyuma ya nyumba, wala taka.

Lakini si kila siku mbaya inatangazwa. Siku ile iliyonichomea mikorosho ya mzee haikuwa na angalizo lolote. Ulikuwa upepo wa kawaida wa mchana. Kwa hiyo inabidi siku uisome mwenyewe, kwa vitu vilivyo nyumbani.

Anza na kanga kwenye kamba. Kanga ikining'inia, ikicheza ncha tu, siku inaongeleka. Kanga ikiinuka na kubaki imeinuka kama bendera, rudisha kiberiti. Vumbi na makaratasi yakianza kuruka barabarani, upepo umepita kilomita 20 kwa saa, na cheche zinaweza kusafiri kuliko macho yako.

Halafu shika majani. Chukua jani la mkorosho lililoanguka, lifinye. Likikunjika kama ngozi, lina maji. Likisagika kama papadi, hilo ni petroli iliyolala chini. Na hapa kuna mtego uliomnasa dada mmoja wa kule kwetu mwaka juzi. Ilinyesha alfajiri, manyunyu mazuri. Akasema, afadhali, leo kumelowa, nitachoma bila wasiwasi. Saa nane mchana akawasha, na moto ukamkimbia mpaka uzio wa jirani. Kwa nini? Kwa sababu nyasi ni nyembamba. Nyasi inakunywa maji upesi na inayatoa upesi. Jua likiwaka na upepo ukipita, saa moja au mbili zinatosha kuikausha. Kijiti cha unene wa kidole gumba kinahitaji karibu siku nzima. Gogo ndilo linaloshika maji kwa wiki nyingi, na likishakauka, linashika moto kwa muda huo huo. Kwa hiyo ukiuliza kama mvua imenyesha, uliza pia: imenyesha lini, na jua limewaka saa ngapi tangu hapo?

Iko kanuni ya thelathini tatu ambayo watu wa zimamoto katika nchi mbalimbali huitumia: joto kupita nyuzi 30, unyevu wa hewa chini ya asilimia 30, upepo kupita kilomita 30 kwa saa. Zikikutana zote, moto hauzuiliki kirahisi. Sisi wa pwani hewa yetu ina bahari ndani yake, unyevu kushuka hivyo ni nadra. Tusijipe moyo kwa hilo. Huku kwetu upepo peke yake unatosha kuiharibu siku.

Tena kuna mlima. Mliolima kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe mnanielewa. Moto unapanda mbio, unashuka taratibu, kinyume cha maji na kinyume chetu sisi. Miali inaegemea majani ya juu, inayakausha kabla haijayafikia. Wataalamu wanakadiria kwamba kila mwinuko unapoongezeka nyuzi kumi, mwendo wa moto unaopanda unakuwa mara mbili. Mtu akiwasha chini ya kilima halafu yeye mwenyewe akawa juu anafyeka, amejiwekea mtego.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Saa ngapi?

Wavuvi wetu wanajua. Alfajiri upepo hutoka bara, mwembamba, wenye ubaridi. Wao huuita umande, jina lile lile la maji ya kwenye majani. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko bahari, na upepo unageuka, unakuja kutoka baharini, unazidi kuelekea alasiri. Jioni unalegea. Ukianza saa nne, kama nilivyofanya mimi, unawasha moto katika hali nzuri ambayo kila saa inayopita inakuwa mbaya. Ukianza saa kumi na nusu jioni, siku upepo umetulia, unawasha katika hali ambayo kila saa inakuwa afadhali: joto linashuka, unyevu unapanda, upepo unakufa. Moto ni ule ule, shamba ni lile lile, ila sasa siku iko upande wako. Rundo dogo unaweza kulimaliza asubuhi na mapema, majani yangali na umande, mradi saa tatu liwe limeshazimwa. Shamba zima asubuhi, hapana. Na jioni pia usiwashe kikubwa kuliko unachoweza kukimaliza kabla ya giza.

Nilivyofanya mara ya mwisho nilipochoma, niwaeleze haraka. Nilikwenda ofisi ya kijiji kwanza, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahusu pia uchomaji wa majani, na sisi tunaopakana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi moto wetu ukiingia kule hatuna pa kujificha. Nikawaambia majirani wote wanne siku na saa. Nikalima njia ya moto kuzunguka eneo, nikapalilia mpaka udongo mtupu ukaonekana, hatua sita, si mbili. Tulikuwa watu watano, na madumu ya maji, majembe na matawi mabichi. Tukaanzia upande ambao upepo unaelekea, moto ukawa unarudi nyuma dhidi ya upepo, polepole, kipande kwa kipande. Ulichukua muda. Kijana mmoja alichoka kusubiri, akataka tuwashe upande wa pili ili umalizike. Nikamkatalia.

Na afadhali zaidi ni kutochoma, niseme ukweli wangu. Majani yale yale ukiyatandaza chini ya mihogo yanatunza unyevu wa udongo, ukiyarundika na samadi yanakuwa mboji. Siku hizi nachoma tu kile ambacho sina namna nacho. Na taka za nyumbani zenye plastiki ndani, mama zangu, hizo hazina siku nzuri. Moshi wake ni sumu hata upepo ukiwa umelala, na anayeuvuta kwanza ni mtoto wa nyumba ya pili.

Nimebakiza jambo moja kubwa. Moto umeisha lini?

Ndugu zangu wa Kisarawe, mnaochoma mkaa au mliowaona wachoma mkaa, mnijibu. Tanuri linafunikwa na nini? Udongo! Na moto ndani yake unakaa siku ngapi? Siku nyingi, wengine wiki na zaidi. Sasa kama udongo ndio unaoutunza moto wa tanuri, mbona tukimaliza kuchoma tunafukia makaa kwa mchanga na kwenda zetu nyumbani? Tumeuzima, au tumeufunika usiku uwe mwema?

Jimbo la New Mexico, Marekani, mwezi Januari 2022, watu wa idara ya misitu, watu wenye mafunzo na vifaa, walichoma marundo ya matawi. Ilikuwa baridi, wakati unaoonekana salama kuliko wote. Theluji ikaanguka juu yake, si mara moja, mara tatu. Moto ukalala chini, kimya, Januari, Februari, Machi. Aprili kukakauka, upepo ukavuma, ukaamka. Ukaungana na moto mwingine uliotoroka mwezi huo huo wa Aprili, nao pia ulianza kama uchomaji wa kupangwa. Ziliungua zaidi ya hekta 138,000, moto mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika jimbo lile. Rundo la matawi, ndugu zangu. Lililolaliwa na theluji.

Kwetu hakuna theluji, kuna visiki vya miembe na makumbi ya nazi. Kumbi linashika moto bila mwali, bila hata moshi wa kuonekana. Kwa hiyo mimi namwagia maji, nachanganya na jembe mpaka inakuwa uji, namwagia tena. Kisha naweka mgongo wa mkono karibu na majivu, halafu ndani yake. Nikisikia joto, haujaisha. Kesho yake asubuhi narudi kuangalia, na kesho kutwa saa saba, ule wakati wa upepo, narudi tena.

Hata moto wa kupasha chakula si mdogo siku ikiwa mbaya. Mnakumbuka Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro? Maelezo ya awali ya hifadhi yalikuwa kwamba wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Ziliungua kilomita za mraba zipatazo 95.

Na ukikutoroka? Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Piga mapema, ukiwa bado unadhani utauweza. Usikimbilie juu ya kilima. Kama umezingirwa, nenda palipokwisha kuungua, kwenye jivu, maana moto haurudii kula sahani iliyokwisha. Mwaka 1949 huko Montana, Marekani, kiongozi mmoja wa wazima moto, Wagner Dodge, alipoona mwali unawafikia mbugani, alichoma nyasi za mbele yake mwenyewe, akalala kifudifudi kwenye jivu lake, akapona. Aliwaita wenzake waingie. Hawakumwelewa, wakakimbilia juu. Kumi na tatu walikufa.

Vuli inakuja, na najua wengi mmeshafyeka, majani yanasubiri. Nimemwomba Mwenyekiti, naye amekubali, kwamba anayetaka kuchoma aandike jina, siku na saa kwenye daftari la mtaa, siku mbili kabla, na aseme nani watakuwa naye. Mimi ni wa kwanza kwenye orodha ya kuja kusaidia, mwenye jembe na dumu la maji aungane nami.

Yule mzee nilimpandia miche kumi na minne. Kumi na mmoja imeshika, na mwaka jana mitano ilitoa korosho kwa mara ya kwanza, alinitumia kibaba. Mitatu ilikufa na jua. Mvua ya kwanza ikinyesha, narudi kwake kujazia.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.